Mama Anayekuja Kila Mwezi

Kwako mwanangu,

Wewe una roho gani? Dunia ina barabara, ina malori, ina simu hata kwa watoto wadogo, na bado unakaa huko kimya kama mtu aliyemezwa na ardhi. Ningekuwa na nguvu ningekuja kukuvuta sikio. Haya, hujambo lakini? Unakula? Kile kikohozi chako cha usiku kimepona? Mimi mzima, ila magoti yananisengenya kila nikiinuka, na beseni la kufulia linazidi kuwa zito ingawa ni lilelile.

Anayeandika ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwonya asiyapige pasi maneno yangu. Nikikutukana, aandike tusi. Barua nampa dereva wa lori aliyekuona ukiuza katika lile duka la vioo, kwa hiyo usije ukasema hukuipata.

Mwanao ni mzima, tena si mzima. Namwita Chiriku, maana tangu alipoanza kusema hajanyamaza, lakini siku hizi ni “eh? eh?” kutwa nzima. Sikio la kushoto linatoa usaha mpaka mto unanuka. Daktari alilichungulia akasema usaha unakula mfupa kwa ndani, lazima apasuliwe, na tukichelewa utafika pabaya. Nikasema mpasueni. Nesi akauliza mzazi yuko wapi. Nikamwambia si huyu unayemwona. Akataka karatasi inayonifanya mlezi. Mwanangu, nilichanganyikiwa. Nikamweleza kwamba mtoto huyu nilimpokea hajaota jino, kwamba alipougua surua nilikesha naye mimi, kwamba hata pale alipo kashika nguo yangu na si ya mtu mwingine. Nesi akasema, kwa upole kabisa, kwamba yote hayo anayaona, ila hayana mhuri.

Akanipeleka kwa ofisa wa ustawi wa jamii, kijana mwenye tai ndefu kuliko subira yake. Huyo akanieleza kwamba bibi ana haki ya kuomba mahakamani awe mlezi wa kisheria, atie sahihi hospitali na shuleni kama mzazi. Nikafurahi. Kisha akasema mahakama itataka kujua wazazi wamekufa, au wamekubali, au wamemtelekeza mtoto. Baba yake kaburi lake linajulikana. Zikabaki habari zako. Hapo furaha ikakatika. Nilidhani haki hii ningepewa kwa yale niliyoyafanya mimi. Kumbe napewa kwa yale uliyoyafanya wewe.

Mahakama yenyewe ni chumba kidogo chenye feni isiyozunguka, na hakimu ni mama wa umri wako. Alinipa kiti. Chiriku akakaa benchi la nyuma na pamba yake sikioni. Hakimu akaniuliza, bila ukali wowote, kama mama wa mtoto huwa anakuja kumwona.

Sasa sikiliza, na fundi naye aache kuniangalia hivyo. Nilidanganya. Nilisimama mbele za watu nikasema unakuja kila mwezi. Nikasema vile viatu vya bluu alivyovaa umemletea wewe, na nilivinunua mimi kwa ujira wa kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Sikuweza kutamka kwamba wewe, niliyekubeba mgongoni, uliaga unaondoka siku chache tu na mtoto sasa yuko darasa la tatu. Hakimu akafurahi kweli. Akasema basi mtoto ana mama, hana haja ya mlezi mwingine, mama aje tu asaini hospitali. Akafunga jalada. Nilikutetea vizuri hata nikamfungia mjukuu wangu mlango wa chumba cha upasuaji.

Nje ofisa alinigombeza, kisha akasema naweza kurudi nikaseme kweli. Na hapo ndipo akili yangu inapozunguka kama nguo ndani ya beseni. Nikisema kweli, itaandikwa kwamba ulimtelekeza, na Chiriku anajua kusoma. Nisiposema, sikio linaoza. Nani alipanga mambo namna hii? Nimeuliza, na kila mtu ananijibu kwa kifungu cha sheria.

Na kubwa bado sijakwambia. Lile sikio bovu lilisikia. Tulipofika nyumbani Chiriku akaniuliza kama huwa unakuja wakati yeye yuko shule. Nikajitia kukohoa. Tangu siku hiyo akirudi, hata begi hajavua, anakwenda kwenye vikombe na kuvipapasa ndani, kimoja kimoja, anatafuta kilicholowa. Juzi nilichukua kimoja nikakimwagia maji. Kisha nikakifuta mpaka kikakauka. Uongo mmoja umenishinda, wa pili nitaubebea wapi?

Nakupa mpaka mwezi huu uishe. Njoo utie sahihi hospitali, au njoo umwambie hakimu kwa kinywa chako kwamba umeniachia ulezi kwa hiari yako. Hapo hakuna atakayeandika neno baya juu yako. Usipokuja, nitarudi kwa hakimu na nitakutaja. Nitalia, ila nitakutaja. Sikuchukii, mjinga wewe. Kitanda chako bado nakitandika.

Fundi anakusalimu, anasema lile gauni ulilompa alipunguze lipo tayari, sema wewe ndiye uliyepotea. Chiriku hajui kama nimekuandikia. Sitaki awe anasimama barabarani kukagua malori.

Ni mimi mama yako. Dole gumba langu hilo hapo pembeni, doa tupu, mistari ilishakwenda na sabuni.

Ukija mchana hutamkuta, atakuwa shule. Ufunguo uko palepale. Chemsha chai, kunywa, umsubiri. Na kikombe usikioshe.