Ulimi wa Mama Mkwe

Jumatano, 12 Machi

Mama Mkwe hali. Ndilo jina nililompa yule farasi jike mzee, kwa jinsi anavyonitazama kama sijaoga. Marehemu mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Leo anatafuna, majani yanadondoka. Maji yanatokea puani. Mate tele. Msimamizi anasema ni tumbo, nimtembeze. Nimemtembeza. Miguu inatetemeka.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari wa mifugo amekuja. Mama mfupi, haongei sana. Akauvuta ulimi pembeni, akauachia. Ukabaki unaning'inia — kama soksi! Mzima angeurudisha hapo hapo. Kutembezwa basi, kasema, kunammaliza. Ni sumu ya chakula kilichooza, inalegeza misuli. Ikifika kwenye pumzi, kwisha.

Tumepasua robota la majani laini, yale ya kufungwa na plastiki. Anakula yeye tu, meno yameisha. Ndani — panya mfu, bapa kama chapati! Plastiki ilitoboka, shemeji, ndugu wa marehemu ambaye nafanya naye kazi hapa, akaziba kwa selotepu ili majani yasiharibike. Kumbe kafungia uozo humo humo.

Kachomwa dawa ya kuzuia sumu. Ile iliyokwisha kushika haiitoi. Hiyo ni kusubiri mwili wenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Kalala. Hainuki. Tunamgeuza upande huu, upande ule, asipate vidonda. Chakula ni kwa mpira wa puani, anatia daktari mwenyewe. Shemeji kaja na uji kwenye chupa. Nikamnyang'anya. Hamezi huyu, utaingia mapafuni! Akasema, umempa cheo cha mama yangu, halafu unamnyima uji? Tukacheka. Kisha akalia.

Dada yake, mke wangu, naye mwishoni hakumeza. Nilikaa tu na kikombe mkononi.

Jumamosi, 15 Machi

Mwenye farasi kapita. Asiposimama mpaka Jumatatu asubuhi, achomwe sindano ya kumaliza. Daktari hakubisha.

Jumapili, 16 Machi

Macho kayafungua zaidi kidogo. Au ni mwanga. Shemeji kashika kichwa, mimi nikavuta ulimi. Nikauachia. Ukakaa tu. Halafu ukaingia. Taratibu, kama mtu aliyechoka anayerudi ndani.

Shemeji: umeona?

Nimeona.

Vuta tena basi, tuhakikishe.

Sijavuta. Nimekaa hapa kwenye majani, mkono umelowa mate yake. Shemeji ananitazama. Nimemwambia ngoja kwanza.