Kiingereza Nilichompigia Baba Mkwe

Kambi ya Visima, porini nyuma ya Itigi

Dada yangu Mama Elia,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu nawasalimu watoto, halafu ng'ombe kama bado wanatoa maziwa. Mgongo umepoa? Mimi mzima, nimenenepa mpaka mkanda umedai tundu jipya.

Najua habari imeshafika Mtinko, kwamba nilimfokea baba mkwe mbele ya watu, na sasa amemchukua mke wangu amemweka kwake. Soma taratibu nikueleze.

Tangu serikali iruhusu makampuni ya watu binafsi, huku tunachimba visima na wazungu. Kiingereza chao, dada, kitamu. Siyo kile cha darasani cha this is a book. Hawa wanashika neno moja dogo, wanalifunga mkia, kazi inakwenda. Get in, panda gari. Get off, shuka. Get up, amka. Get out, toka humu. Get hiyo hiyo moja inaendesha kambi nzima. Asubuhi fundi mkuu ananiambia, "Ntandu, carry on," yaani endelea, nami naendelea na watu arobaini nyuma yangu. Juzi nilisema "Switch it off," jenereta likanyamaza kabla mwendeshaji hajalifikia. Watu wapo, waulize.

Basi mzee akaja kunitembelea, kuku mkononi. Akakatiza chini ya mtambo wakati bomba linapandishwa, refu kuliko mnara wa kanisa. Nikaona mnyororo unaachia. Wewe unajua kwetu, mkwe humpandishii sauti. Unasogea pembeni, unainama, unamwamkia, unangoja aitikie. "Rudi nyuma" ikanikwama kooni, ya Kiswahili na ya Kinyaturu pia. Kilichotoka ni "Get back!" na mikono juu.

Mzee hajui Kiingereza hata cha salamu, lakini sauti ile ilimrudisha hatua tatu. Bomba likatua pale pale alipokuwa, likazama mpaka tukakaribia kupata maji bila kuchimba.

Akamwokota kuku wake, akajipangusa vumbi. "Nimekuja kwa mkwe," akasema, "nimepokewa kama ng'ombe aliyeingia kwenye mtama." Akarudi na lori lile lile lililomleta.

Nenda kwake mwenyewe, dada, usitume mtu. Ukae kwanza, unywe uji wao, usianze na bomba. Mwambie Kiingereza hakimjui mkwe, ndiyo maana kiliweza kupita. Na shikamoo yake ninayo. Niliichelewesha ili awepo wa kuiitikia.

Msalimie shemeji, na mama mdogo mfuma vikapu, na mama mkwe kwa heshima zake zote. Mke wangu akirudi nyumbani, nipe habari kwa dereva wa lori la alizeti.

Ndimi mdogo wako, mjomba wa wanao, msimamizi wa watu arobaini,

Ntandu