Mwezi Niliokuhesabia, Kaka Vuai

Kaka yangu Vuai,

Salamu sikuletei, maana huko uliko nakuombea salamu zilizo bora kuliko zangu. Nakuletea maneno. Unanijua mie, kusema hakujawahi kunishinda, lakini siku arobaini hizi nimekaa kama niliyetiwa pamba mdomoni. Sasa naandika, tena naandika wazi, asome wa Mjini na asome wa shamba, kwa sababu wanayoyasema juu yako nimeyachoka.

Wanasema Vuai kazeeka, kasahau maji. Nimewasikia kwa masikio yangu, wanaume wazima wamekaa barazani wanatikisa vichwa: "Mtu kazaliwa pwani, kafa Ufani kama mgeni!" Wengine wanasema wenyewe wa mahali pale, wale wasioonekana, wamechoka kuletewa watu waliovaa nguo za kuogelea. Na wenye huruma wanasema ni kadari, siku zake zilifika. La kadari silipingi, nani mie wa kulipinga. Lakini saa uliyoingia Ufani siku ile ulipewa na mtu, na mtu huyo ni mimi.

Unakumbuka uliponiingiza mara ya kwanza? Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na tano, na mama alikuwa amekukataza. Ufa kwangu ulikuwa jina tu la kutishia watoto. Kumbe ni mwamba uliopasuka kuanzia baharini mpaka ndani kabisa ya mawe, kuta mbili zenye urefu wa nyumba ya ghorofa, katikati njia ya kupita watu wawili kwa kubanana. Maji yakitoka, mtu anatembea kwa miguu mpaka mwisho, kwenye dimbwi la maji baridi. Yakijaa, bahari yote inaingia humo, na kuta zenyewe ni mawe makali, huna pa kushika. Nilikuwa nimeinua shingo natazama ule ukanda wa mbingu, nashangaa mbayuwayu. Ukanipiga kofi dogo la kisogoni. "Usitazame juu, tazama miguu yako. Maji hayapigi hodi." Nikalia, ukanibeba mgongoni mpaka nje, ukanipa boga la nazi ili nisikusemee kwa mama. Nikakusemea vilevile.

Ulipokua ukaufanya Ufa kazi yako. Wageni wakaanza kuja, wamechoka na fukwe na mapapasi wa Mjini wanaowaganda njiani, wanataka kitu ambacho wenzao hawajakiona. Na mie nilipoolewa Mjini nikapata kazi katika kijiduka cha safari, nikawa napokea simu zao na kuwaleta kwako. Tuliifanya kazi hii miaka, wewe kule, mie huku. Hakuna aliyewahi kuchubuka hata kidole. Wazee wa kule walikuwa wanakuuliza wewe maji, hata wavuvi. Ukisema yanatoka saa fulani, watu wanatia mguu.

Na maji, sisi watu wa pwani tunayajua kwa mwezi wa angani. Ulinifundisha mwenyewe: mwezi kumi na tano, maji yanakauka saa nne asubuhi. Mwezi kumi na sita, yanachelewa karibu dakika hamsini. Kesho yake vivyo hivyo. Mtu akikosea siku moja ya mwezi, kakosea karibu saa nzima ya maji. Jambo dogo hilo, mtoto wa madrasa anaweza kulishika.

Sasa ugomvi wetu. Wacha niuseme wote, nisijipambe. Nyumba ya mume wangu wanaufuata mwezi ukionekana popote duniani. Wewe na kijiji kizima mnaungoja mpaka uonekane kwa macho hapahapa. Kwa hiyo hesabu yangu mara nyingi iko mbele ya yenu kwa siku moja. Watu wangapi wanaishi hivi katika kisiwa hiki, na wanapendana, na wanakwenda kuzikana! Mie tu ndiye nilitaka kushinda. Idi ile nikapakia watoto wangu, nguo mpya, mapulizo mdomoni, sinia la biriani kichwani mwa mtu, tukaja kwako ilhali nyinyi mmefunga siku ya thelathini. Nilijua mmefunga. Usinifiche, na wewe ulijua kuwa nilijua.

Ukasimama mlangoni, umetulia kama kawaida yako. "Peleka sahani zako ndani, mdogo wangu, zifunikwe. Magharibi tutakula pamoja."

Na mie, mbele ya mkeo, mbele ya majirani, nikajibu: "Endeleeni basi na saumu yenu ya shetani."

Loo, ulimi huu! Mkeo, Bi Mize, alitia kanga mdomoni. Wewe uliingia ndani. Miezi minne hatukusemezana. Wageni nilikuwa nakupelekea kupitia kwa dereva, naye akawa anarudi na "ndiyo" yako na "hapana" yako. Mara mbili nilishika simu nikupigie, nikasema moyoni, ahaa, yeye ni mkubwa, na aanze yeye.

Ukaanza wewe. Ulikuja Mjini kwa miguu yako, umebeba mkungu wa ndizi na chaza wa kuchemsha, ukakaa kwenye kiti cha wageni dukani kwangu. Nikasema "Shikamoo" nikitazama meza. Ukaitika "Marahaba," kisha ukasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo nikifua, nikipika, nikisali: "Mwezi ni wa Mungu, mama'angu, si wangu wala si wako. Mwezi usitugombanishe. Mambo ya wageni panga weye, siku na saa. Mie ntafuata hesabu yako."

Ungeona nilivyofurahi. Si kwa sababu umerudi, Kaka, Mungu ananiona. Nilifurahi kwa sababu nimeshinda.

Wageni wa siku ile ya Ufani walikuwa mke na mume, watu wazima, wapole. Nilihesabu kwa vidole: siku yao ni mwezi kumi na sita. Kwa mwezi wangu ilikuwa kumi na sita. Kwa mwezi wako, ule ulionifundishia maji, ilikuwa kumi na tano. Nikachukua tarehe yangu nikaitia katika saa zako, nikapata maji yanakauka karibu na saa tano, kumbe siku ile yanakauka saa nne. Nikakutumia habari: waingie saa nne, watoke kabla ya saa tano. Na simu iliyo mkononi mwangu ina jedwali la maji la kila siku, ningebonyeza mara moja tu. Sikubonyeza. Kubonyeza kungekuwa kama kukiri kwamba hesabu yangu inahitaji shahidi.

Yaliyobaki nimeyapata kwa yule mama mgeni, alikuja dukani na mkono wake umefungwa bandeji. Gari lilichelewa njiani. Mliingia maji yakiwa makavu kabisa, na kumbe ndiyo yanageuka. Uliwahimiza, akasema, uliwahimiza sana, ukionyesha miguu yako, lakini mumewe alitaka picha ya dimbwi, halafu moja tena. Mnarudi, maji magotini. Kidogo, kiunoni. Ukampandisha yeye kwenye jiwe lililotokeza, ukamrudia mumewe, ukamsukuma juu kwa bega. Pale palikuwa na nafasi ya watu wawili. Wimbi likakubamiza ukutani, likaja la pili. Wakakaa pale juu saa nyingi wanalitazama lile povu, mpaka wavuvi walipoingia na kamba. Wewe ulipatikana alasiri, ngozi ya mgongo imeondoka yote kwa yale mawe. Sikuruhusiwa kukuona. Walioukosha mwili wako hawakunitazama usoni, na mie nilijua ni kwa nini, hata kama wao hawakujua.

Nikakaa na siri yangu. Watu wanakuja kutoa pole, mie naitika. Wanasema Vuai kasahau maji, mie nainamisha kichwa kama mwenye huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini kichwa nilikiinamisha kwa woga. Jina lako lilikuwa ni kuyajua maji, huna jingine, na mie nikaliacha lizikwe nawe ili langu libaki. Mume wangu aliniambia arobaini haina asili, nisiende. Nikamwambia, bwana, safari hii sitaki kubishana dini na mtu, nakwenda kwa kaka yangu.

Nilimkuta Bi Mize uani, anachambua mchele wa khitma. Nikakaa chini, mchangani, na baibui langu.

"Bi Mize," nikasema, "saa ile niliipanga mimi. Nilihesabu kwa mwezi wangu. Vuai hakusahau maji."

Hakuinua macho. Akatoa kijiwe, akakitupa. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Alfajiri ile alirudi pwani miguu imerowa. Akanambia, 'Mize, maji yanakimbia, leo yatakauka mapema. Saa alonipa mdogo wangu siyo.' Nikamwambia, si umpigie? Akaishika simu, akakaa nayo, akaiweka. Akanambia, 'Nikimwambia mwezi wake haukuwa sawa tutarudi kulekule. Miezi minne sikuisikia sauti yake. Ntawaingiza kidogo, ntawatoa upesi.'"

Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikamuuliza, "Siku zote hizi mbona hukunambia? Mbona hukuwaambia watu wakaacha kumsema?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nlitaka uje mwenyewe. Nlitaka nijue mume wangu alinyamaza kwa ajili ya mtu gani."

Kisha akanisogezea ungo, tukachambua mchele wote.

Baada ya khitma nilitoka nje walipokaa wanaume, nikasimama barazani, mie mwanamke, nikawaambia kama nilivyokuandikia hapa. Nikawaambia na ya simu uliyoiweka. Mmoja tu akasema, "Innalillahi," akavaa viatu vyake akaondoka. Sijui watanitazama vipi nikija tena, na sikuwauliza. Wageni wa Ufani sipokei tena simu zao.

Watu wananiambia nikuombe radhi. Nakuomba, kila baada ya sala nakuomba. Lakini kuna jambo nina hasira nalo, Kaka, na kwa kuwa hii ni barua ya kweli nitalisema. Mbona hukunipigia? Miaka yote nilikukosea, ukanyamaza, ukaita hiyo ndiyo kunipenda. Ungenipigia alfajiri ile. Ungenambia, weye mjinga, mwezi wako umepotea, wageni wasije. Ningekujibu vibaya, wallahi ningekujibu vibaya sana. Ningenuna miezi minne mingine, labda mwaka. Na saa hii ungekuwa hai, umeninunia, kule kwako, na mie huku naringa.

Kwaheri, Vuai. Mola akupe nafasi kaburini, pasikubane.

Mdogo wako wa tumbo moja.