Mama amemsimamishia dada vidonge

Wewe, shika simu! Mama amemsimamishia dada vidonge vya kuzuia damu isigande. Amemsimamishia, tangu juzi!

Eti fizi zilitoka damu, "nikaogopa mwanangu ataishiwa damu." Sasa nani alimweleza mama kwamba haviachwi? Daktari aliyemwekea kile kimrija kwenye mshipa wa kichwani, kupunguza presha ya ubongo, alimweleza shemeji peke yake, tena wakitembea koridoni. Mimi nilipomuuliza huyo daktari hatari zake akanijibu, "Kwani wewe umesomea?" Sijasahau.

Hatari yenyewe ndiyo hii: bila vidonge, damu inaweza kuganda ndani ya kimrija.

Hospitali hawapokei simu.

Na dada anasema ule mvumo wa sikioni, uliokoma alipowekewa, umerudi leo asubuhi. Mama anamwambia, "Lala, utapoa." Mimi namvalisha viatu. Njoo na gari.