Siku ya Kuzima Swichi Kuu

Wynyard, Tasmania
9 Julai

Mpendwa dada Bronwyn,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na Clive hamjambo, na goti lako limeanza kukunjika bila maumivu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini.

Uliniuliza habari za gari la umeme. Linakwenda vizuri, ila kulichaji nyumbani kumenisumbua. Mwezi wa tano nilimwita fundi umeme kutoka Burnie, binti anayeitwa Tegan. Alinieleza njia mbili: soketi iliyomo gerejini tangu enzi za Baba, ambayo haijazi hata nusu ya betri usiku kucha, au kisanduku cha ukutani chenye waya wake mnene, ambacho hujaza gari kabla hujaamka. Aliitazama soketi akacheka. "Hii ni ya kuchemshia chai, kaka Russell. Kwenda kazini Smithton na kurudi kila siku? Utalisukuma gari." Nikamwambia aweke kisanduku.

Ndipo akasema itabidi azime swichi kuu kwa saa nzima. Alikuwa amesikia mngurumo kutoka chumba cha mbele, akautambua, maana baba yake naye anapumulia mashine ya oksijeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni ya nani, nikasema ni ya Mama; akauliza kama amelala. Nikasema ndiyo, amelala. Akasema basi hagusi swichi mpaka hospitali ilete mtungi wa akiba. Nikamshukuru, nikachagua soketi.

Nimeitumia tangu wakati huo. Ili betri initoshe, naendesha bila kuwasha joto, nimejifunika blanketi. Kiwandani wananiita Bibi Harusi. Jumapili iliyopita gereji ilinuka. Soketi ilikuwa imegeuka kahawia na plagi imeyeyuka. Tegan alikuja, akasema nina bahati nyumba bado ipo, na sasa hakuna la kuchagua. Akauliza kama mtungi wa Mama umefika. Nikamwambia hauhitajiki. Akanitazama, akauliza tangu lini. Nikasema tangu Machi.

Aliosha kikombe alichonywea chai, akakifuta, akakirudisha kabatini. Mlangoni akasema, "Siku ya kufunga kisanduku nitabisha kwanza. Utaizima mashine mwenyewe, au niizime mimi?"

Dada, ule mngurumo uliousikia kwenye simu, nikakwambia ni friji, ni mashine ya Mama. Sijaizima tangu tuliporudi kutoka makaburini. Hospitali imeidai, nami nasema nitaileta. Kila Jumamosi naosha chujio lake kama nilivyofundishwa. Mrija uko juu ya mto. Sijachanganyikiwa, najua hayupo. Sijalia pia, kama ulivyoona mwenyewe siku ile. Ni kwamba bado sijaisikia nyumba hii ikiwa kimya, na sijui nitafanya nini nikiisikia.

Tegan atakuja Ijumaa tarehe 24, saa tatu asubuhi. Kwako itakuwa saa moja. Nimeamua kuizima mashine mwenyewe. Naomba unipigie simu wakati huo, uongee mpaka umeme urudi. Ongea chochote, hata habari za goti.

Nisalimie Clive, na umwambie malimau yake yalifika salama.

Ni mimi mdogo wako,
Russell