Ukurasa wa Pili Hakuupiga Picha

Smaranda, shoga, Codrin kaumbuka. Mbele ya mji mzima wa Timișoara.

Yuleyule aliyeniambia asubuhi kwenye mashindano ya kuongeza kasi ya kompyuta, "Mama, kuharakisha prosesa si kukunja sarmale za kabichi. Rudi jikoni." Watu wakacheka.

Baadaye nageuka, namkuta anapiga picha skrini yangu. Mipangilio yangu, Smaranda. Yangu. Nikajifanya sijaona.

Maana alipiga picha ukurasa wa prosesa tu. Ukipandisha mapigo ya bodi, ile kasi ya msingi ya mashine, prosesa inakimbia, lakini na memori inaburutwa nayo kwa uwiano uliowekwa, na ikizidiwa mashine inaanguka. Mimi uwiano wa memori nilishaushusha, uko ukurasa wa pili. Yeye wala hakuufungua.

Akanakili, akawasha. Skrini ya bluu, ile ya mashine iliyoanguka. Akawasha tena, bluu. Kisha ikagoma kuwaka kabisa, na zamu yake ikaisha hivyohivyo.

Ananijia jasho linamtoka: "Ilinca, mbona yako inakimbia?" Ananiuliza mimi, shoga. Mimi.

Nikamfungulia kontena la sarmale za mama. Nikamwambia, "Kula, kaka. Siku nyingine ukiiba mapishi, iba yote."