Franck Hataki Kuoga

Kikula, Likasi
Tarehe 17 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Floribert,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, kuanzia mama mpaka kuku wa uani. Je, u mzima? Christiane na mtoto hawajambo? Ulituambia kwamba huko Nara mvua za mwezi huu hazikatiki. Huku ni baridi kavu, midomo inapasuka, na vumbi la barabara ya Kambove limeingia hadi kwenye sufuria. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia, kwa hiyo usipokuta utani wangu wa kila siku, usishangae.

Naandika kwa mkono, kisha nitapiga picha karatasi hizi nikutumie wewe peke yako. Katika kundi letu la WhatsApp yumo ndugu yetu Willy, na neno likimfikia Willy limekwisha fika Kambove.

Ni yeye Willy aliyeanza. Unakumbuka siku ya Pasaka ulitutumia sauti ndefu kuhusu masomo yako, dini ya Wajapani wa kale? Tulikusikiliza huku tunakula bukari. Ulisema Wachina wa zamani sana waliandika kwamba watu wale, walipotaka kuvuka bahari kwa mashua, walimteua mtu mmoja ashike mwiko kwa niaba ya wote. Hachani nywele, haondoi chawa, hafui nguo, hali nyama, hamkaribii mwanamke. Anakaa kama mfiwa. Safari ikienda vizuri, wanampa mali. Ukija ugonjwa au dhoruba, wanataka kumuua, kwa kuwa hakuushika mwiko wake sawasawa. Mama alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilicheka. Willy hakucheka. Alirudia kuisikiliza, kisha akaipeleka shimoni kwa wachimbaji wenzake.

Usiseme hukujua. Wachimbaji wana miiko yao toka zamani, na shimo lile jipya lilikuwa linawatisha kwa sababu udongo wake ni laini. Carlos, mkubwa wa ekipi yao, aliipenda hadithi yako kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Wakamchagua shemeji yako, mume wangu Franck, awashikie mwiko. Tangu alipoachishwa kazi kiwandani na kwenda kuchimba, yeye ndiye mpole kuliko wote pale, na mpole ndiye anayetwishwa mizigo.

Floribert, nilikaa na mtu yule ndani ya nyumba. Alilala sebuleni kwenye mkeka, akinuka kama beberu. Lakini mawe ya kijani ya shaba yalipanda kutoka shimoni, mazuri, na kila yalipopanda wenzake walimshukuru Franck. Siku nyingi nilikuwa sijamwona ametembea kichwa juu vile. Nikamwacha aendelee.

Halafu ikaja komunio ya kwanza ya binti yetu Sephora, Jumapili ya Pentekoste. Mama alifika mapema kutoka Panda, akamwona baba wa mtoto katika hali ile. Alichemsha maji, akaingiza karai bafuni na sabuni na shati safi, akasimama mbali ameupa mlango mgongo: “Mukwe wangu, mayi iko tayari.” Unajua kwetu sisi Bakasai. Mkwe hamkatalii mama mkwe, hata akimpa siki anywe. Franck alinitazama, nikatazama chini, naye akaingia kuoga. Nilifurahi, sikufichi.

Ulimi hauna mfupa. Baada ya misa mama alijisifu mbele ya watu: “Bila minye, baba ya Sephora angeingia na chawa mu misa!” Mke wa Carlos alikuwa amesimama palepale.

Jumatano shimo likaporomoka. Wote walitoka salama isipokuwa kijana mmoja, Blaise. Walimfukua kwa mikono. Yuko hospitali, anapumua, lakini macho hajafungua mpaka leo.

Jioni ileile Carlos alikuja kwetu na wanaume wake. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. “Hatukuye kugombana, Mama Sephora,” alisema. “Franck alinawa. Kama Blaise anakufa, tunajua ile histoire inaishaka namna gani.”

Kesho yake padre wetu, Abbé Germain, aliwafuata na kuwakemea. Walimsikiliza kofia mkononi, wakaitika vizuri. Lakini abbé hateremki shimoni.

Basi waliporudi nikapigana kwa silaha yako. Nikawakumbusha kwamba katika sauti ileile ulisema Wajapani wale wakimaliza kuzika, ukoo wote uliingia majini kuoga, ili uchafu wa kifo uwatoke. Kwao maji yalikuwa dawa. “Juu ya nini munabeba nusu ya dini ya Bajapani na munaacha nusu?” nikamwambia Carlos. “Muende wote munawe ku ziwa Tshangalele!” Alinitazama sana. Akasema watafikiri, na toka siku ile hajarudi. Nilidhani nimeshinda.

Sikujua kwamba hatari iko ndani ya nyumba yangu. Tangu Jumatano Franck hataki maji. Ameanza mwiko upya, kwa ajili ya Blaise safari hii. Anakaa nyuma ya jiko na shati lilelile la komunio, hali nyama, hanisogelei. Jana aliniambia bila hata kuinua sauti: “Ni minye balichagua, ni minye nilivunja. Blaise akikufa, nitaenda mi mwenyewe kwa Carlos.” Nilimlilia. Nikamwita mama, akachemsha maji tena, akamwita mkwe wake kwa upole wote alio nao. Franck alikataa. Alimkatalia mama mkwe, Floribert! Mama aliyamwaga maji yale huku analia, na mimi naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Kwa hiyo mpigie Franck simu leo. Usinipigie mimi, wala usimtafute Carlos. Mimi Franck haniamini, ni mke tu. Abbé naye, Franck anaona anafanya kazi yake tu. Wewe atakuamini, kwa kuwa jambo lilitoka kinywani mwako. Tafadhali usimfundishe. Usianze na miaka na majina ya wafalme. Mwambie kwamba yule mtu wa mashua hakuwa na kosa, kwamba dhoruba ilitoka baharini, haikutoka kwenye nywele zake. Kama vitabu vyako havisemi hivyo, useme wewe.

Mama anakusalimu na anakuombea, ingawa amekukasirikia. Willy naye anakusalimu. Siku hizi hana maneno. Msalimie Christiane, mbusu mtoto. Mungu aifunike nyumba yenu huko mliko, na asitupite sisi huku.

Sephora anakusalimu sana. Jana aliniuliza kitu nikashindwa, nikamwambia nitakuuliza wewe uliyesoma: yule mtu wa mashua, watoto wake walibaki na nani?

Ni mimi yaya yako, dada yako mkubwa, ninayekupenda hata leo,
Élise